Mkulima Aliyesimama Mlangoni kwa Rais

Asubuhi niliyoondoka Louisville sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na begi la mgongoni, koti la baba lililonibana mabegani, na hasira. Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anasugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Nilisimama mlangoni nikimsubiri aseme neno. Hakusema. Tulikuwa tumemzika baba siku mbili kabla, na tangu tutoke makaburini mama hakuwa ameniambia hata "kula". Kwetu mama akiacha kukuambia kula, ujue mambo yako yameharibika.

Nikatoka. Nikapanda basi la mjini kwenye barabara ya Preston, nikashuka karibu na kituo cha magari ya mbali, nikamuuliza mwanamke wa dirishani gari la kwanza kuondoka linakwenda wapi. Akasema Cincinnati, kisha Columbus. Nikamwambia basi, nipe hiyo. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kama niko salama, akaamua kutouliza.

Kuondoka si jambo geni kwangu. Shule niliiacha kidato cha pili, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, baada ya mwalimu kuniambia kwamba maswali yangu yanamla muda wa wenzangu. Tangu tuletwe Amerika nimekata nyama kiwandani, nimebandika vigae, nimeosha magari, nimepakia maboksi katika maghala ya majimbo matano. Kazi ikishanifundisha inachoweza kunifundisha, miguu huanza kuniwasha. Lakini kila nilipoondoka niliondoka kwa kutaka kuona kitu. Safari hii niliondoka kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa haikaliki, na aliyeifanya hivyo ni mimi.

Nitaeleza.

Kwetu mtu hazikwi bila wasifu. Kamati ya msiba humchagua mtu mwenye sauti, anasimama mbele ya jeneza na karatasi, anasoma: marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliokoka lini, ameacha mjane na watoto wangapi. Watu huusikiliza wasifu kuliko mahubiri. Mahubiri yanafanana misiba yote, lakini wasifu ni wako, na ukisomwa vibaya huna nafasi ya kusahihisha.

Mzee wa kanisa aliyesoma wa baba alisoma hivi: "Marehemu alikuwa mkulima mwaminifu. Alipofika Amerika alifanya kazi ya ghala, na alimtumikia Mungu katika protokole mpaka mwisho wake."

Mkulima.

Baba yangu hakuwa mkulima. Kambini walitupa kishamba cha hatua chache nyuma ya nyumba, akapanda mahindi kwa kamba, mstari baada ya mstari, umbali wa mkono mmoja kati ya shina na shina, kila mche umesimama wima. Lilikuwa shamba zuri kuliko yote kambini. Halikutoa hindi hata moja, maana alipanda baada ya mvua kuisha. Mama alicheka wiki nzima, kisha akalichukua yeye.

Baba alikuwa askari wa kikosi cha heshima cha dola. Nasema kikosi cha heshima kwa sababu ndivyo alivyokiita mwenyewe, na alikasirika ukisema "askari" peke yake. Katika mji mkuu wa nchi tuliyoikimbia, kazi yao ilikuwa kusimama. Walipandisha bendera alfajiri na kuishusha jua likizama. Walijipanga pande mbili za zulia mgeni wa rais aliposhuka kwenye ndege. Walisimama kwenye mlango wa ikulu na kwenye ngazi za bunge, walibeba majeneza ya wakubwa, walipiga saluti kwa bunduki zisizo na risasi. Amri zilitolewa kwa Kifaransa, na ile kubwa kuliko zote askari waliitamka "gardavu": visigino pamoja, kidevu juu, macho mbele, pumzi fupi. Baba alipotuita mezani utotoni alisema "gardavu", nasi tulisimama nyuma ya viti vyetu mpaka mama aseme ujinga huo uishe, chakula kinapoa.

Nilikuwa namuuliza sana. Ni yeye aliyenieleza kwamba kikosi kilianzishwa na wakoloni ili gavana wao asishuke kwenye meli bila watu wa kumpigia saluti. Uhuru ulipokuja makoti yalibaki yale yale, wakabadilisha vifungo. Alipokuja mkubwa mwingine wakabadilisha rangi ya kofia. Serikali ya mwisho aliyoitumikia ilipoanguka, walikaa siku nne kambini kwao bila kujua wao ni wafungwa au ni askari. Siku ya tano akaja ofisa mgeni mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, akauliza nani anajua kupokea rais. Wiki iliyofuata walisimama kwenye zulia lile lile wakampokea mtu aliyemfukuza bosi wao. "Hatua zilikuwa zile zile?" nilimuuliza. "Hatua hazina chama," alisema, na alisema kwa fahari.

Baadaye, katika maktaba ya mji mmoja wa Iowa, nilisoma habari za vikosi kama hivyo duniani, wale wa kofia za manyoya ya dubu, wale wa sketi na viatu vya shada, wale wanaorusha mguu juu kana kwamba nyonga zao hazina mfupa. Nikaona jambo ambalo baba hakunieleza. Wote walianza kama watu wa hatari kweli, wanaolala mlangoni kwa mfalme na kisu chini ya blanketi. Kisha wafalme wakapata watu wengine wa kuua, kimya kimya, bila sare, na hawa wa mlangoni wakabaki na nguo.

Ujuzi wa baba ulikuwa wa vitu vidogo. Glavu nyeupe zinatiwa wanga wa muhogo, si wa dukani, kwa sababu wa dukani unapasuka jasho likiingia. Magoti usiyakaze, yalegeze kidogo ndani ya suruali mahali ambapo ofisa haoni, la sivyo damu haipandi kichwani. Vidole vya miguu vichezeshe ndani ya kiatu. Nzi akitua usoni mwache atembee. Na ukihisi unazimia, anguka mbele, bunduki chini yako, usianguke kando ukamgusa mwenzako. Hakuna atakayekuinua. Wa kulia na wa kushoto watasogea nusu hatua, wataziba pengo, na gwaride litaendelea.

Ujuzi huo wote aliuleta Louisville, kanisani. Protokole ni wale watu wa suti nyeusi na glavu nyeupe wanaosimama mlangoni, wanaokuonyesha kiti, wanaomsindikiza mhubiri mpaka madhabahuni. Makanisa yetu yote yanao. Lakini ya kwetu, chini ya baba, ilikuwa kitu kingine. Vijana waliolala darasani walitembea hatua ya polepole kama maji. Watu walitoka Indianapolis kuja kuwaona wakimwingiza mgeni. Alisimama mlangoni pale Jumapili saa nne mfululizo baada ya kusimama wiki nzima ghalani, na hakuna siku niliyomwona akiegemea ukuta. Waliipenda hatua yake. Ilikotoka hawakutaka kuijua, au waliijua vizuri sana wakaona bora wanyamaze.

Kwa hiyo nilisimama makaburini nikisikia neno "mkulima", nikauma meno. Ningeweza kuuma mpaka mwisho. Kilichoniponza ni kaburi la jirani.

Mbali kidogo na sisi, Wamarekani nao walikuwa wakizika. Marehemu wao alikuwa mzee aliyewahi kuwa jeshini. Askari wachache, vijana watupu, wamevaa glavu nyeupe, walikuwa wanakunja bendera juu ya jeneza. Waliikunja pembetatu juu ya pembetatu, polepole, wakalainisha kila mkunjo kwa kiganja, kisha mmoja akapiga goti mbele ya bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti akampa. Nikaona watu wetu wamegeuza shingo. Wengine walikuwa wamegeuza na simu. Na yule mzee wa kanisa, karatasi yake ya wasifu bado mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mmeona? Wenzetu wanajua kumheshimu mtu."

Hapo ndipo nilipopasuka.

"Na huyu je?" nilisema. "Huyu mnayemfukia hakuwa mkulima! Hajui jembe linashikwa wapi! Alikuwa askari wa heshima wa dola, amesimama mlangoni kwa marais wawili, amezika wakubwa kwa mikono yake, na nyinyi mnamsomea mahindi? Wenzake wapo hapa hapa Amerika, yuko mmoja Columbus, mpigieni simu awaambie!"

"Kijana, keti," alisema mzee wa kanisa. "Msiba umekupanda kichwani."

"Sikai."

Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, si kwa siri sana: "Ah bon? Kumbe alikuwa wa wale?"

"Wale" ni neno zito kwetu. Watu wa mashariki ya Kongo wana hesabu ndefu na walinzi wa marais, na si wote wanaotenganisha waliosimama na waliofyatua. Nikamgeukia nimjibu, ndipo nikaona mdogo wangu wa kike amesimama na simu juu. Alikuwa anarusha mazishi moja kwa moja kwa ndugu wa Bukavu, wa kambini, wa Australia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mkono hakuushusha. Mama alikuwa ananitazama. Nilitegemea kuona aibu machoni mwake, au shukrani. Niliona woga.

Sikuuelewa. Nilidhani anaogopa maneno ya watu, na hilo likanikasirisha zaidi. Siku mbili tulikaa nyumba moja bila neno. Ndiyo maana nikawa kwenye basi.

Njiani niliamua kwamba kama nimetupwa Columbus, basi nitamtafuta huyo mwenzake baba. Walilala kitanda cha juu na cha chini kambini kwa kikosi miaka mingi. Sisi watoto tulimwita baba mdogo. Nilitaka mtu mmoja anayejua. Nilitaka anikalishe, aniambie, ndiyo, baba yako alikuwa mtu, na ulifanya vema kusema.

Nilifika mchana. Anakaa kaskazini ya mji, katika nyumba za matofali zenye ngazi za nje, na alikuwa ametoka kazini wakati huo. Alifungua mlango kidogo, akaona uso wangu, akafunga, akatoa mnyororo, akafungua tena.

"Ile video ni wewe?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Bon. Ingia. Vua viatu. Usikae."

Nikasimama katikati ya sebule na soksi zangu. Yeye alikaa. Alikuwa amezeeka kuliko baba. Akapandisha mguu wa suruali akanionyesha goti, limevimba kama boga, na kovu refu juu yake.

"Unaona? Hii ni ya mlango wa rais. Daktari wa hapa aliuliza, ulicheza mpira gani? Nikamwambia mpira mwingi. Donc, yaani wewe unasema mbele ya dunia, 'yuko mmoja Columbus'. Columbus iko na Wakongo wangapi wa umri wangu wenye kuchechemea?"

"Sikutaja jina."

"Asante sana. Ulibakiza anwani pia."

Nikamwambia nilichosikia makaburini, mkulima, mahindi, bendera ya Wamarekani. Alisikiliza macho yakiwa mbele, kidevu juu. Kisha akauliza, "Nani alikwambia waliongopa?"

"Baba hakuwa mkulima!"

"Kwenye karatasi alikuwa." Akashusha suruali. "Sikia. Kambini, siku ya kuandikishwa kwa safari ya Amerika, maneno yalizunguka foleni nzima: ukisema umekuwa askari, faili inafungwa. Hawaulizi askari wa nini. Labda ilikuwa kweli, labda ni mtu alitunga akiwa na njaa. Wewe ungejaribu? Uko na mke, watoto. Baba yako alikuwa mbele yangu. Akaulizwa kazi, akasema mkulima. Mimi nikasema kinyozi."

"Unajua kunyoa?"

"Nilinyoa mtu mmoja tu. Alivaa kofia mwezi mzima."

Nilicheka, na kicheko kilinitoka vibaya, kama kikohozi. Yeye hakucheka.

"Mama yako anaingia kwenye mahojiano ya uraia mwezi wa nne," alisema. "Alikuja na faili ya mume. Kwenye faili, mume ni mkulima. Labda hawatauliza. Labda hakuna mtu ofisini mwao anayesikia Kiswahili. Lakini yeye analala na hiyo labda kila siku sasa, na umempa wewe, mtoto wake, juu ya jeneza."

Kuna hasira unayokuwa nayo ukijua uko sahihi, na hiyo ni tamu. Ile iliyonishika sebuleni kwa mzee yule haikuwa tamu. Nilimkasirikia baba kwa kutoniambia. Alikuwa amenieleza vifungo vya makoti, nzi, wanga, kila kitu, akaacha hilo. Niliikasirikia ile foleni ya kambini na mdomo wowote ulioanzisha maneno yale. Nilizikasirikia karatasi zinazomtaka mtu awe neno moja. Na kwa kuwa baba alikuwa chini ya udongo na karatasi hazina uso, nilimkasirikia aliyekuwepo.

"Basi niambie wewe," nilisema. "Mlifanya nini pale? Yule mama alisema alikuwa wa wale. Alikuwa wa wale?"

"Tulisimama."

"Najua mlisimama."

"Magari yaliingia, tulipiga saluti. Yalitoka, tulipiga saluti."

"Ndani ya magari alikuwa nani?"

"Wakubwa."

"Yote?"

Alitazama ukutani. "Hatukuangalia ndani. Kuangalia ndani ilikuwa kosa. Macho mbele."

"Kwa hiyo hamjui."

"Nimekwambia hatukuangalia," alisema, na sauti ilipanda, ikawa sauti ya uwanja wa gwaride, hata mimi visigino vikasogeleana. "Wewe ulitaka heshima. Hiyo ndiyo heshima. Unaitaka bado?"

Nilikuwa nimepiga kelele mbele ya kaburi kuhusu kitu ambacho sikukijua nusu yake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ule wasifu ulikuwa wa uongo, na wa kwangu haukuwa wa kweli zaidi.

Hakunilaza. Alisema nikilala kwake, majirani wa kanisa lake watasema ndiyo, ni huyu. Lakini alinipakulia fufu ya muhogo na sombe, kisamvu cha kwetu, katika kopo la aiskrimu, akanifungia kwa mifuko miwili ili mafuta yasivuje, akaniendesha hadi kituoni. Aliponishusha alisema, "Uso wako ni wa baba yako. Uzee utakukuta vibaya." Simtaji jina hapa, wala la baba, wala la mtu yeyote. Kwa ajili ya goti lile.

Nililala kwenye kiti cha kituo, na asubuhi nikauliza tena dirishani gari la kwanza. Lilikuwa la Cleveland na Buffalo. Buffalo simjui mtu. Nikaona hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Tulikuwa tumeshapita Cleveland, ziwa upande wa kushoto limeganda kingoni, simu ilipolia. Mama.

"Umekula?"

Niliangalia kopo la aiskrimu magotini. "Nimekula, mama."

"Nini?"

"Sombe."

"Nani kakupa sombe kwenye basi?"

Nikamwambia. Nikasikia maji ya bomba yakifungwa. Nikaanza kuomba msamaha kwa habari ya karatasi, kwamba sikujua, kwamba ningejua nisinge... Akanikatiza.

"Wasifu niliuandika mimi."

"Kwa sababu ya mahojiano. Nimeelezwa."

"Karatasi ni sababu pia, usinifanye mjinga. Lakini hata bila karatasi ningeandika vile." Akavuta pumzi. "Unajua ulikuwa na kaka."

Nilijua. Alikufa kwa malaria kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia zaidi ya hapo, nami, mwenye maswali ya kila kitu, hilo sikuwahi kuliuliza.

"Alipokata roho nilimtuma jirani akamwite baba yako. Siku hiyo kulikuwa na rais wa nchi nyingine anakuja. Walikuwa wameshajipanga kwenye zulia. Jirani alipenya mpaka nyuma ya kamba, hatua kama kumi kutoka kwake. Akamwambia, mtoto amekufa, mke wako anakuita. Baba yako hakugeuza shingo."

"Labda hakusikia."

"Alisikia. Jirani aliona machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Hakugeuza shingo. Na yule mgeni alichelewa saa tatu. Saa tatu nilikaa na mtoto mapajani. Alipokuja nyumbani alikuwa bado na glavu."

Jamaa wa kiti cha mbele alikuwa anakula chipsi, kila chipsi naisikia.

"Kwa hiyo wewe unapiga kelele, heshima, heshima," mama alisema. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu, na nilitambua kwamba hii hasira yangu ninayozunguka nayo majimbo matano sikuipata kwa baba. "Heshima ya nani? Mkulima angekuja. Mkulima angetupa jembe akaja mbio. Miaka yote niliyoishi naye Amerika nilimwambia, wewe kwenye karatasi ni mkulima, basi kuwa mkulima. Alijaribu. Mwishoni alijaribu kweli. Nilipougua alitoka kazini bila ruhusa akakaa hospitali siku mbili, wakamfukuza kazi. Huyo ndiye niliyemzika. Yule mwingine mzike wewe."

"Sawa, mama."

"Sasa nisikilize. Mpaka mwezi wa nne huo mdomo uufunge. Mdogo wako ameifuta ile video, lakini wengine wameihifadhi, na kila siku kuna mtu ananipigia aseme ameiona. Usiongeze neno. Usirudi kwanza, ukirudi watakuja kukuuliza, na wewe ukiulizwa unajibu. Baada ya hapo piga kelele unavyotaka, nitakushikia kipaza sauti mwenyewe."

"Na ukikataliwa?"

"Nikikataliwa nitajua nani wa kumpikia sumu." Akakata simu. Kwa mama huo ni upole.

Basi likaingia Buffalo mchana, theluji inaanguka kwa mshazari, upepo wa ziwa ukiisukuma kama mtu anayefagia kwa hasira. Nilitembea. Sijui kusubiri basi la mjini katika mji mpya. Lazima kwanza niukanyage. Niliingia upande wa Lower West Side kwa sababu nilisikia wanawake wawili wakibishana kwa Kirundi kuhusu bei ya samaki, nikawafuata kama mbwa. Walinipeleka bila kujua mpaka kwenye duka lenye unga wa muhogo dirishani na matangazo ya karatasi: gari linauzwa, maombi ya kufunga, mtu anayesuka nywele. Moja liliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: CHUMBA. MTU MMOJA. ASIVUTE SIGARA. ASIWE NA WAGENI. Nikampigia mwenye tangazo.

Alikuwa mama wa Kirundi, mpana, mwenye sare ya kazi ya kutunza wazee chini ya koti zito. Alinikuta mlangoni pake, akanipima toka kichwani mpaka viatuni. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa upara kwa ajili ya msiba, na hilo hakuhitaji kuelezwa.

"Umefiwa."

"Ndiyo, mama."

"Na nani?"

"Baba."

"Pole sana, mwanangu. Ingia, baridi inaingia nawe." Kiswahili chake kilikuwa kile safi cha kambini, kila neno na nguo zake. Alinipandisha ngazi huku akisema sheria: viatu chini, jiko lisiachwe chafu, Jumapili hakuna kulala mpaka mchana. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, na dirisha ambalo fremu yake ilikuwa imezibwa kwa taulo. Akaibana taulo kwa kidole. "Hapa panapiga mluzi upepo ukitoka ziwani. Utazoea. Aliyekuwepo alisema ni kama kulala na mtu anayekoroma."

"Kuna kazi?"

"Kazi zipo. Kiwanda cha madirisha kinachukua watu, wakiona mikono tu." Alikaa kwenye ncha ya kitanda apumzishe miguu, akanitazama kwa huruma ya kweli, ya mtu aliyezika watu wengi. "Alikuwa nani, baba yako? Alikuwa anafanya kazi gani?"

Hilo ni swali la adabu. Kwetu usipoliuliza umemdharau marehemu. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, yote mawili yamechongoka, na kila moja lilikuwa na mtu wa kumkata. Nilitaka kupiga ngumi ile taulo. Mama huyu hakuwa amenikosea lolote, na nilikuwa namtazama kana kwamba ni yeye aliyeandika ile karatasi.

"Nitakwambia mwezi wa nne," nilisema.

"Mwezi wa nne?" Akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Habari za baba yako umeziweka benki?"

"Naomba unisamehe, mama. Siwezi sasa."

Aliacha kucheka. Hakuuliza tena. Yeye pia alipita kambini, alisimama foleni, labda naye kuna neno aliloandikisha ambalo si lake. Akainuka kwa kushika goti, akaniwekea ufunguo juu ya meza.

"Basi utakaa hapa mpaka mwezi wa nne," alisema. "Shuka zipo kwenye kabati la koridoni. Chukua mbili, moja haitoshi."